Ua Lililotoka Shanzu

Harufu ya jani lake likifikichwa ilikuwa kali, baina ya ndimu iliyooza na mkojo wa paka, na mimi niliipenda. Kila alasiri nikitoka madrasa nilisimama penye kile kichaka kando ya nyumba yetu ya Mtongwe, nikachuma jani moja, nikalifikicha na kunusa mpaka mama aniite. Maua yake yalinishangaza zaidi. Shada moja, upana wake kama sarafu, lilikuwa na rangi tatu: katikati manjano, kisha rangi ya chungwa, na ukingoni waridi. Nilifunga uzi kwenye kikonyo cha shada moja nipate kujua kama ni ua lile lile linalobadilika, na siku ya tatu nikahakikisha kwamba linalochanua manjano ndilo linalozeeka waridi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa msichana wa miaka kumi.

Kichaka hicho kililetwa na mama mdogo Riziki, ndugu yake mama, aliyekuwa akisafisha vyumba katika hoteli moja kule Shanzu. Mama alipotoka arobaini ya uzazi wa ndugu yangu mdogo, Riziki alikuja na kijiti kilichofungwa kwa gazeti bichi, akakivusha feri amekikumbatia. Mama alikipanda karibu na jiwe la kufulia, akakiita ua la Riziki, na hakuna mgeni aliyeondoka bila kuonyeshwa. Baada ya masika mawili kilikuwa kimenipita kimo. Ndege walikula vitunda vyake vyeusi, wakaacha mbegu kila walipotua, na miche ikachipuka nyuma ya jiko, katikati ya muhogo, hata uani kwa jirani. Vijimiba vyake vilitukwaruza miguu, lakini mama hakuruhusu tawi hata moja likatwe.

Mwaka ule vuli ilichelewa, majani ya kulisha yakakauka. Mbuzi wa nyanya, jike mweupe mwenye mimba, akaanza kulikimbia jua. Alijibana kivulini siku nzima, macho yamekuwa manjano, ngozi ya masikio inabanduka kama karatasi. Baba alitafuta kupe asiwaone. Nyanya alisema ni kijicho cha watu. Mimi nikaenda kuutazama mti wangu, nikaona kwamba chini, mpaka pale mdomo wa mbuzi unapofika, umebaki vijiti vitupu. Nikamwambia mama.

"Hebu niondokee!" akanijibu. "Usilisingizie ua la watu."

Nilivunja tawi nikatoka nalo. Nilimwonyesha maalimu wetu, nikamwonyesha muuza dawa za mitishamba, nikamwonyesha mama mmoja aliyesifiwa kwa bustani yake. Kila mmoja alinusa, akakunja uso, akasema ni ua tu. Siku ya nne nilimkuta bwana mifugo, mtu wa Rabai aliyezunguka kwa baiskeli akichanja ng'ombe, anakunywa maji dukani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Hili umelitoa wapi?"

"Kwetu."

Akaligeuza jani mara moja tu. "Na mbuzi wenu analikimbia jua?"

Habari za mbuzi sikuwa nimemwambia.

"Huu unaitwa lantana," akasema, akaniandikia jina kwenye kiganja kwa kalamu. "Si mti wa kwetu, uliletwa kwa ajili ya maua yake. Mnyama mwenye njaa akiula, ini linaharibika, na jua linamchoma ngozi. Ung'oeni na mizizi yake. Mkikata tu, utarudi."

Nilikimbia nyumbani nimefumba kiganja jasho lisije likafuta jina. Mama alilisoma, akanisikiliza nikirudia maneno ya bwana mifugo, kisha akaingia ndani akatoka na jembe. Hakumwita baba. Ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu, na mizizi ilikwenda mbali kuliko tulivyodhani. Tulichimba siku mbili, yeye analima, mimi nafuata miche kwenye muhogo nikiihesabu mpaka hesabu ikanipotea. Siku ya pili, lundo likiwa limefika kiunoni, Riziki akatokea kwenye njia.

Mama akaliacha jembe. "Riziki, nisamehe. Ua lako limemdhuru mbuzi wa watu. Mtoto aliniambia, mimi nikamfukuza. Nilikosea."

Riziki alilitazama lundo, kisha akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. "Wallahi dada, mimi nililiokota jaani, nyuma ya hoteli. Watunza bustani walikuwa wameling'oa. Sikutaka kuja kwako mikono mitupu."

Wakakaa juu ya jiwe la kufulia, wakacheka mpaka nyanya akatoka kuuliza kuna nini. Mbuzi alipona, ila mimba ilitoka, na masikio yalibaki yamekunjamana. Miche nayo tuliendelea kuing'oa kila masika mpaka nilipomaliza shule.

Siku hizi naishi Kisauni. Juzi binti yangu aliona kichaka hicho kando ya barabara, akakipiga picha kwa simu, na jina likaja kabla hatujavuka. Nilifurahi kwa ajili yake, maana mimi lilinichukua siku nne na aibu kadhaa. Jioni ile ile tulibishana kuhusu jambo jingine, dogo tu, na nilipoingia chumbani nilijua kwamba haki ilikuwa yake. Mama yangu alilisema lile neno, "nilikosea," mbele ya mwanawe na mbele ya ndugu yake, jasho linamtiririka. Mimi nilikaa kitandani nikilitafuta, na mtoto alikuwa amekwisha kulala nilipofungua mlango.