Marehemu agoma kufa zaidi ya saa moja

Saa tatu na nusu asubuhi, mwanamke wa makamo aliyevaa kandambili anakufa kwa kuungua moto. Anapiga yowe refu, linakatika, kisha anakohoa na kuomba maji.

"Safi, dada," anasema fundi wa sauti kutoka upande wa pili wa kioo. "Sasa tena, ila safari hii moto uanzie miguuni."

Anakunywa funda la maji ya uvuguvugu, anavuta pumzi na kuungua upya.

Hii ndiyo kazi yake. Ni mwigizaji wa sauti katika michezo ya video, ile ambayo watoto wetu wakiishika hata wakiitwa kula hawasikii. Kila anayeanguka, anayezama au anayepigwa risasi humo ndani lazima awe na mtu wa kumlilia, na kwa miaka tisa mtu huyo amekuwa yeye. Amekufa mara nyingi kiasi kwamba pale studio wamembandika jina la Marehemu.

"Mlinzi akiniona getini tu anapiga simu juu, 'Marehemu kafika,'" anasema akicheka. "Mama mkwe hataki hata kulisikia. Ananiambia, 'Unajitakia, mwanangu.'"

Mama mkwe ana sababu zake. Zamani Marehemu alikuwa akifanya mazoezi nyumbani, mpaka siku jirani alipovunja mlango kwa shoka kuja kumwokoa asiuawe na mumewe. Mume mwenyewe ni fundi cherehani, mpole kupita kiasi, na wakati huo alikuwa anahangaika kutia uzi kwenye sindano.

Kichekesho kinaishia hapo. Studio hurekodi mayowe mwisho, baada ya maneno yote, kwa sababu koo likishapiga mayowe halifai tena kwa kuongea. Na yakianza hayana kikomo: saa tatu, wakati mwingine nne, mfululizo. Malipo ni kwa kikao. Vikao viwili vinatosha kodi ya nyumba ya mwezi, na mwezi usio na kikao ni wa cherehani peke yake. Ukiumwa, shauri yako.

Mwaka jana aliamka hana sauti. Haikuwa kukwaruza tu. Sauti haikuwepo kabisa. Kwa wiki tatu alimwita binti yake kwa kupiga makofi.

"Mtoto alikuwa anaogopa," anasema. "Ananiuliza, 'Mama, umenikasirikia?' Na mimi siwezi kumjibu. Nililia, na hata kulia kwenyewe hakutoki kitu."

Daktari wa koo alimwonyesha vinundu kwenye nyuzi za sauti na kumwambia wazi: akiendelea hivi, sauti itaondoka na haitarudi. Alipoomba apunguziwe muda wa mayowe, alijibiwa kwa upole kuwa wanaoitaka nafasi hiyo ni wengi.

Hao wengi ni akina nani, hakujua. Katika kazi hii kila mwigizaji huingia kwenye kile kichumba cha kurekodia peke yake, siku yake, kisha mashine ndiyo inayozikutanisha sauti zao. Mwaka mzima Marehemu alikuwa akiuawa na askari mmoja mwenye sauti nzito ambaye hakuwahi kumwona.

Walikutana kwenye foleni ya daktari yule yule. Mtu nyuma yake aliuliza kama foleni inasogea, Marehemu akaruka kama aliyemwagiwa maji.

"Niligeuka nikapiga kelele, 'Wewe ndiye unayeniua!'" anasimulia. "Foleni nzima ikarudi nyuma. Yule kaka wa watu kabaki ameshika kofia yake, ananiambia, 'Samahani dada, ni kazi tu.'"

Naye alikuwa na vinundu. Walikaa kwenye benchi wakinong'onezana, na walipoachana kila mmoja alikuwa na mtu wa kwenda kumtafuta. Kidole kimoja hakivunji chawa. Walitafutana mpaka wakafika kumi na mmoja, wakakutana kwenye banda la fundi cherehani na kuanzisha chama chao cha wafanyakazi.

"Tulijuana kwa kubisha hodi tu," anasema. "Mtu akiongea, wote mnaruka, 'Ah, huyu ndiye yule mchawi wa mchezoni!'"

Dai lao ni moja: mayowe yasizidi saa moja kwa kikao, na jambo hilo liingie kwenye mkataba. Kampuni inayotengeneza mchezo haikujibu. Ndipo wakakubaliana kuwa wiki hii, wanaporekodi mchezo mpya, saa ikitimia kila mmoja atanyamaza.

Ugumu ni kwamba atanyamaza peke yake. Mkataba unakataza kusimulia yaliyotokea ndani ya kikao, kwa hiyo hawakupigiana simu, wasije wakatoa kisingizio cha kufukuzwa.

"Kiwandani watu wakigoma unamwona mwenzako kasimama ubavuni kwako," anasema yule askari wa sauti nzito. "Sisi tunaona kioo."

Leo ni Ijumaa, na Marehemu ndiye wa mwisho. Saa nne na nusu inapofika, saa moja ya mayowe imetimia, anavua vipokea sauti na kukaa kwenye kiti.

"Mimi nimeishia hapa," anasema kwa sauti ya chini.

Msimamizi wa mchezo, anayesikiliza kwa simu kutoka ofisini kwake, hakasiriki. Sauti yake kwenye spika ni ya kirafiki kabisa.

"Dada yangu, wenzako wote wamemaliza kazi yao. Umebaki wewe tu. Usijiharibie."

Uso wa Marehemu unanywea. Anaangalia sakafu. Angevivaa tena vile vipokea sauti, nani angemlaumu? Ana kodi, ana mtoto.

"Basi niwe peke yangu," anasema hatimaye. "Koo ni langu."

Fundi wa sauti, ambaye asubuhi nzima hajaongea zaidi ya kazi, anabonyeza kitufe ili na aliye ndani asikie.

"Bosi, wale kumi niliwarekodi mimi mwenyewe. Wote waliishia saa moja. Hakuna aliyemaliza."

Marehemu anajifunika uso kwa viganja, mabega yanatikisika. Fundi anageukia pembeni na kuanza kufuta meza isiyo na vumbi. Msimamizi anakohoa, kisha anasema wawakilishi wawili waje Jumatatu wazungumze.

"Tutakuja wote," anajibu Marehemu.

Nje, anakaa kwenye ngazi. Anasema Jumatatu si ushindi, ni mazungumzo tu, na wanaweza wakatoka mikono mitupu. Jambo la kwanza atakalosema, kabla hata ya mayowe, ni kwamba yule fundi asiguswe, maana ameweka kibarua chake rehani kwa ajili yao.

Na kwake mwenyewe?

"Nataka nizeeke na sauti yangu," anasema. "Binti yangu akishakuwa na nyumba yake, siku akinipigia simu, niseme haloo tu, ajue ni mimi."