Murongo ya Mama Juu ya Balanse

Ile mwaka waasi walifunga barabara ya Kiwanja, maharagi ikawa ngumu kuona Goma. Wamama wote wa soko letu walipandisha bei, isipokuwa mama yangu. Ndiyo maana wakimbizi wa kambi ya Kanyaruchinya walikuwa wanapita meza zingine zote, wanakuja kwetu. Nilikuwa sizyeme, mwaka wa mwisho wa sekondari, seksioni komersiale, na hiyo habari nilikuwa nasema kila pahali, hata kwa watu wasioniuliza.

Asubuhi moja akafika papa mumoja, mufanyakazi wa biro ya statistiki ya Leta. Kila mwezi alikuwaka anapita na balanse yake ndogo. Hakuwa anauliza bei tu. Anajaza kopo ya muuzaji, ile sisi tunaita murongo, anapima kilo yake. Wenzake wanafanya vile vile ndani ya miji ingine, ndiyo serikali inajua maisha imekuwa kali namna gani. Alikuwa anapima kwa jirani, polepole, na mimi sinaka pasiensi. Nikaita:

"Papa, kuja huku! Mama yangu hajapandisha hata franga moja."

Mama akanivuta nguo. "Wacha muzee afanye kazi yake."

"Si ndiyo hii kazi yake, mama!"

Nikajaza murongo yetu mimi mwenyewe mpaka ikafanya mulima, nikamwanga maharagi juu ya balanse. Papa akaangalia, akatoa, akapima tena. Halafu akageuza kopo. Kitako ilikuwa imegongwa na nyundo, imeingia ndani.

"Mama," akasema na sauti ya chini, "jirani yako anauzisha bei kubwa, lakini anapatia watu maharagi mingi. Ukigawanya kwa kilo, yako ndiyo ghali kuliko ya wote."

"Eeh, mama ya bei moja!" Jirani akapiga mikono. "Kumbe tulikuwa tunashindana na fundi ya nyundo!"

Soko ikacheka. Mama hakukana.

"Muzee, utanipeleka wapi na hiyo?"

"Hakuna pahali. Jina siandike. Naandika tu kama maharagi imepanda." Akabeba balanse, akaenda kwa wauza unga.

Nikabaki na kopo mukononi, uso inawaka. Nilikuwa na haya juu ya mama. Halafu nikakumbuka minervale yangu, feza ya masomo, ile alilipa bila kuchelewa wakati wenzangu walifukuzwa, na haya ikawa ya kwangu pia.

Mama mumoja wa Kanyaruchinya, mutoto mugongoni, alikuwa amekwisha kufungua saki yake mbele yetu. Hakutukana. Alisema tu:

"Mama, nipimie na ile ya jirani."

Mama akachukua kopo yetu mukononi mwangu. "Nenda omba," akaniambia, bila kuniangalia.

Jirani alinifanya niombe mara mbili. Mama akajaza, akataja bei mupya, sawa na ya jirani. Yule mama akahesabu feza yake, akahesabu tena, akaomba tupunguze nusu ya maharagi.