Zamu ya Alhamisi

Kwa miaka kumi na tisa Safarmurod aligawa maji ya mfereji wa kijiji, na kila masika wanakijiji walimchagua tena kwa kunyoosha mikono. Mtu wa haki, walisema. Aliwahi kumfungia maji hata shemeji yake, akatukanwa matusi ya nguoni, wala hakutetereka. Sasa mbona leo, kualikwa tu kwenye somo la uraia katika shule binafsi, jasho linamtoka kama mwizi?

Kwa sababu alikuwa mwizi. Tusizungukezunguke.

Mwezi Machi mwenye shule, Zafarjon, alimvuta pembeni. "Mzee wangu, mawaridi yangu yanakufa. Nipe maji ya Alhamisi tu. Na yule mjukuu wako Nozanin mlete hapa, asome bure." Mzee akampokonya zamu mjane Sadbarg, akamdanganya kwamba maji yamepungua mlimani. Nozanin akavaa sare. Lo, alivyong'aa yule mtoto!

Zafarjon hupenda kuwaita wanakijiji darasani ili wageni wa mjini waone jinsi shule na kijiji vinavyopendana. Leo alikaa mbele, tabasamu hadi masikioni. Wanakijiji walikaa nyuma, Sadbarg karibu na mlango.

Mwanafunzi mmoja mrefu alisimama. "Mzee, mwalimu alitutuma tunakili orodha ya zamu pale kwenye nyumba ya chai. Alhamisi imeandikwa Bibi Sadbarg. Lakini Alhamisi maji huingia kwenye bustani yetu. Imekuwaje?"

"Watoto bwana!" Zafarjon akacheka. "Mzee, hebu waambie, si orodha imekosewa tu?" Akamtupia jicho Nozanin, kisha akamgeukia mzee. Hakucheka tena.

Mzee alielewa vizuri sana. Aseme ndiyo, mtoto abaki. Aseme hapana, kesho sare inavuliwa. Watoto thelathini walimkodolea macho, kalamu mkononi, wakingoja kuandika atakachosema. Na wangekiamini, ndicho kilichomuumiza.

"Orodha haijakosewa," alisema. "Zamu ya Sadbarg niliiiba mimi."

"Safarmurod!" Sadbarg alisimama. "Vitunguu vyangu vimekauka vyote! Ukaja kunipa pole, ukanywa chai yangu, nami kila siku nakuombea dua!"

"Kipindi kimekwisha!" Zafarjon akapiga makofi. "Haya, nje!" Hakuna aliyeinuka.

"Babu," Nozanin aliita kutoka kwenye dawati lake, "kwa hiyo mimi nasoma kwa maji ya Bibi Sadbarg?"

"Ndiyo, mama."

Mtoto akainuka, akampa babu yake mgongo, akaenda hadi mlangoni. "Bibi, nisamehe."

"Wewe umekosa nini, mwanangu? Njoo ukae hapa." Sadbarg akasogea, akampa nusu ya kiti chake.

Mzee alibaki amesimama mbele ya darasa. Yeye hakuna aliyemwambia akae.