Fundi wa Injini za Boti Mbali na Mto

Jumamosi mchana, king'ora cha karakana ya reli ya Kamina kimekwisha kulia, na mafundi wanarudi nyumbani kwa baiskeli. Nicodème Ngoie hajavua hata ovaroli. Amechuchumaa uani kwake, katika kambi ya wafanyakazi, mbele ya injini ya boti iliyofungwa kwenye ubao mnene. Sehemu yake ya chini, yenye rafadha ya kusukuma maji, imezama ndani ya pipa la maji.

"Nicodème!" jirani anapaza sauti kutoka barabarani. "Muto iko wapi?"

"Iko mu pipa," anajibu bila kugeuka. "Kuya uoge."

Jirani anacheka na kuendelea na safari. Florent Mwanza, mwenye injini, hacheki.

Florent anatoka Mulongo. Boti yake hubeba watu na samaki wakavu katika vijiji vya kando ya mto Lualaba. Wiki mbili zilizopita, ikiwa imejaa abiria katikati ya mkondo, gia ya mbele iliachia. Injini ilinguruma, rafadha ikasimama. Maji yaliichukua boti ubavu mpaka wavuvi wa mitumbwi walipoikamata. Hakuna aliyeumia, lakini habari ilifika kila kijiji kabla ya Florent.

"Bantu balishuka, balisema hawapande tena," anaeleza. "Hata mama-mukwe yangu. Sasa anapita na mutumbwi, ananipungia mukono."

Ndiyo maana ameileta injini hiyo kwa treni kutoka Bukama, bandari ambapo reli inakutana na mto. Kamina ni mji wa reli. Hakuna maji ya kupitisha boti. Hata hivyo, mtu mwenye gia mbovu huko mtoni huelekezwa kwa Nicodème.

Nicodème, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, alizaliwa Kaniama, kwenye mashamba ya mahindi. Aliingia reli mwaka 1936. Miaka mitano iliyopita, mchuuzi mmoja alishuka stesheni na injini begani, akauliza nani anajua gia. Alionyeshwa nyumba hii. Tangu hapo zimepita injini kama thelathini. Fundi mwenyewe hajapanda boti ya injini hata siku moja.

"Treni ao boti, meno ni meno," anasema.

Huanzia nje, kisha huenda ndani. Kwanza anachezesha kishikio cha gia, akisikiliza kwa vidole. Kinalegea. Pini inayokiunganisha na fimbo ya chini imelika, kwa hiyo anachonga nyingine na kurekebisha urefu wa fimbo. Florent anasimama, tayari kufunga mzigo wake.

"Ikala chini, mudogo yangu. Bado hatujauliza maji."

Anavuta kamba. Injini inawaka, gia ya mbele inaingia, maji yanaruka nje ya pipa. Anapoongeza moto ili injini iende kasi, kishindo kinasikika chini: ka-ka-ka! Gia imeruka tena. Florent anaketi polepole.

Kasoro, basi, iko ndani. Nicodème anafungua sanduku la gia na kumwaga oili. Anapaka tone kidoleni, analigeuza juani: chembe za chuma zinameta. Anatoa kipande kidogo chenye meno pande mbili, upande mmoja kwa mbele, mwingine kwa nyuma. Meno ya nyuma yamechoka kidogo. Ya mbele yamekuwa duara kama sabuni iliyotumika.

Halaumu. Anamwekea Florent kishikio mkononi. "Unionyeshe vile unafanyaka mu matete."

Florent anaonyesha, na hapo siri yote inatoka. Katika mabwawa ya Upemba, kwenye njia yake ya mtoni, majani hujizungusha kwenye rafadha. Manahodha wa huko huyakung'uta kwa kutupa gia nyuma, mbele, nyuma, bila kupunguza moto. Ni ufundi wa kusifiwa. Anayezima injini akakata majani kwa kisu huimbiwa nyimbo za dhihaka mpaka bandarini.

"Bote banafanya vile, yaya," Florent anajitetea, akimwita fundi kaka mkubwa.

"Njo maana bote banakuya kwangu."

Kipande kipya hakipatikani. Kingetoka Ulaya, na kiwanda hakitengenezi tena injini za namna hiyo. Nicodème anaweza kukigeuza, ili meno yenye nguvu yafanye kazi ya mbele. Anakiweka kiganjani na kukipindua upande huu na ule. Angeweza kukigeuza, akafunga, akapokea shukrani.

"Mbele itashika," anasema hatimaye. "Lakini nyuma itakuwa ya kutoka ku kivuko tu, polepole. Majani utakata na kisu."

"Batanicheka."

"Bacheke. Bantu yako batafika."

Florent anatazama pipa. Kisha anatikisa kichwa kukubali.

Kazi ikiisha, Nicodème anachukua brashi na kuchora mstari mweupe kando ya kishikio, upande wa nyuma. Katika karakana yao, behewa lenye breki dhaifu hupakwa rangi ili dereva alijue kabla ya kuondoka. "Sipende kuficha ugonjwa," anasema.

Sasa Florent anafundishwa: punguza moto, ngoja, sukuma mara moja. Gia inaingia na kushika, hata moto unapoongezwa. Kuku wanakimbia maji. Mara ya nne mkono unaharakisha, na Nicodème anaupiga kwa kitambaa cha mafuta.

"Ee! Injini imepona. Mugonjwa sasa ni mukono."

Kwa mara ya kwanza Florent anacheka. Halafu uso unarudi ulipokuwa. "Na bantu, yaya? Nani atapanda?"

Mkewe Nicodème, Léonie, yuko mlangoni na sinia la mihogo. Ndiye anayejibu. "Sisi. Minyi nimefua ovaroli za oili ya mota za bantu miaka yote, na muto sijauona."

Nicodème anamtazama, kisha anaitazama injini. Likizo yake ni Agosti hii ya 1957. Mpango unapangwa papo hapo: treni hadi Bukama, kisha boti ya Florent hadi Mulongo, mchana, vijiji vikitazama.

Fundi ana sharti moja. Wakifika kwenye majani, Florent azime injini, na kisu apewe fundi mwenyewe. Anataka kuwa wa kwanza kuinama nyuma ya boti na kukata, mbele ya watu wote, ili wimbo wa dhihaka, ukiimbwa, uanze na jina lake.

"Na minyi nitaikala karibu na Florent," anasema Léonie, akiweka sinia chini. "Nitabeba kile kitambaa cha mafuta."