Kisanduku cha Kijani

Kwa miaka mingi nilipiga video za harusi kwa kutembea kinyumenyume mbele ya mabibi harusi, kamera begani, nikikanyaga watu na kutukanwa na mashangazi. Mgongo wangu uliishia huko.

Sasa natumia droni. Mzee wa Kichaga aliyeniuzia dukani kwake Kariakoo alinielekeza: unamgusa mtu kwenye kioo cha simu, kisanduku cha kijani kinamzunguka, halafu akili mnemba inamfuata popote aendako. "Wewe kaa tu," alisema. Nikakaa. Hakuna mteja anayetaka tena picha za begani.

Juzi nilikuwa Buguruni nakula wali maharage, na televisheni ya mgahawa ilikuwa inaonyesha vita vya huko mbali. Nikakiona kisanduku kilekile, kijani kilekile, kimemzunguka mwanamume anayekimbia shambani. Jirani yangu mezani akasema siku hizi droni za vita zinajiongoza zenyewe. Picha ikakatwa kabla hazijamfikia. Wali sikuumaliza.

Jumamosi nikarudi kazini, maana kazi nyingine sina. Bibi harusi aliposhuka garini nikamgusa kwenye kioo, kisanduku kikamkaa usoni. Akaitazama droni juu, akaipungia mkono.

Mama yake akanisogelea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Watu wote hawa, hicho kidude chako hakitampoteza?"

"Hakimpotezi, mama," nikamjibu. "Hata akikimbia."