Viganja vya Ma Kemi kwenye Boneti Nyeupe

Sisi tuliokulia Buganguzi miaka ile tulijua magari kwa masikio. Ukiwa ndani ya migomba unacheza kombolela, ukasikia mngurumo unaopanda kilima kwa kuhema, ulijua ni lori la kahawa. Tulikimbia hadi njiani, tukapunga mikono mpaka vumbi likatuziba macho, kisha tukarudi kuchezea tairi zetu za baiskeli. Chakula kilikuwa ndizi na maharage, samaki siku za bahati, na msimu wa mvua senene waliokaangwa mpaka nyumba nzima ikanukia. Watoto wa siku hizi ukiwapa senene wanauliza kwanza kama wana protini. Sisi tuliuliza kama wamebaki.

Kwa hiyo unaweza kuelewa tulivyojisikia baba yetu aliponunua gari. Tulimwita Tata, kama watoto wengi wa Kihaya, lakini kijiji kizima kilimwita Mwalimu, kwa sababu ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule yetu ya msingi. Gari lilikuwa dogo, jeupe, limetumiwa na watu wengine kabla yetu, na halikuwa na mwenzake kijijini. Kila Jumamosi tuliliosha familia nzima. Mama alipima sabuni ya unga kwa kijiko, sisi tulichota maji kisimani, na Tata mwenyewe alipaka polishi kwa fulana yake ya zamani, akizungusha mkono taratibu kama anayembembeleza mtoto. Akimaliza alirudi nyuma, akainamisha kichwa na kuangalia kama migomba inaonekana kwenye mlango. Ilionekana. Nami nilijiona humo, nimenyooka na kurefuka, nikaamini sisi si watu wa kawaida.

Rafiki yangu mkubwa alikuwa Kemilembe, tuliyemwita Kemi. Kwao kulikuwa ng'ambo ya shamba letu, na mama yake, Ma Kemi, ndiye aliyemsaidia mama yangu kila tulipopata mgeni. Kemi alikuwa na miguu ya upepo. Katika mbio za shule hakuna mvulana aliyemgusa, na katika kupanda miti hakuna aliyejaribu kushindana naye.

Jumamosi moja Tata alikuwa amealikwa harusini Muleba, na alikuwa amemwahidi mchungaji kwamba atampitia njiani. Gari lilikuwa limeoshwa likang'aa, Tata amevaa suti, na mimi nimevaa gauni jipya lenye mkanda. Kwa kuwa bado tulimsubiri Mama avae, nilitoroka kwenda kumwonyesha Kemi gauni langu. Nilimkuta juu ya mfenesi. Alicheka aliponiona, akasema ngoja anichumie fenesi moja nipeleke harusini, akanyoosha mguu kwenye tawi lililokuwa limeoza kwa ndani. Sikumwona akianguka. Niliona tawi tu, halafu nikamwona yeye chini, mguu umekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki.

Ma Kemi alikuwa jikoni anamenya ndizi. Alitoka na kisu mkononi, akaona, akakitupa kisu, akakimbia moja kwa moja hadi kwetu. Mimi nilimfuata. Tata alikuwa anafungua mlango wa gari. Ma Kemi aliweka viganja vyake viwili juu ya boneti, kana kwamba gari lingeondoka lenyewe, akasema, "Mwalimu, waitu, nakusihi, mwanangu. Mguu umevunjika. Tupeleke."

Tata aliangalia saa. Kisha aliangalia mikono ya Ma Kemi. Ilikuwa imejaa utomvu wa ndizi hadi kwenye vifundo, maana siku hiyo hakuwa hata amejipaka mafuta kabla ya kumenya.

"Ma Kemi," alisema, "toa mikono kwenye gari."

Aliitoa. Aliitazama, kama vile ndiyo kwanza anajua kuwa ni michafu, akaipangusa kwenye kanga yake. Tata akaeleza kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mchungaji anamsubiri, kwamba vijana wa machela wako karibu, na kwamba akirudi jioni atapita kuuliza hali. Ma Kemi aliitikia, "Haya, Mwalimu," akarudi alikotoka. Mama alikuwa amesimama mlangoni na pochi yake. Aliingia garini, akakaa nyuma pamoja nami, mahali ambapo hakuwahi kukaa.

Njia ya kwenda kituo cha afya ilikuwa hiyo hiyo ya kwenda Muleba. Walikuwa wamepita njia ya mkato, tukawakuta kwenye mteremko, wanaume wanne wamebeba machela ya miti na blanketi, Ma Kemi anatembea pembeni ameushika mkono wa mwanawe. Walisogea ukingoni kutupisha. Tata alipunguza mwendo, na mimi moyoni nikasema sasa anasimama. Hakusimama. Vumbi letu liliwafunika, na mimi nikajilaza chini kati ya viti, gauni na mkanda wake, nisionekane dirishani. Mama aliweka mkono kichwani kwangu akauacha hapo, hata tulipompitia mchungaji, hadi Muleba.

Huko harusini, mtu mmoja mwenye nia njema alichukua kitambaa kulifuta gari vumbi ili liingie kwenye picha. Vumbi likatoka, viganja vikabaki. Mliokulia kwenye migomba mnajua tabia ya utomvu: ukiwa mbichi ni kama maji, ukikauka unakuwa mweusi wa kahawia na hauondoki tena. Kila kidole kilionekana. Watu waliuliza, Tata akacheka akasema ni utomvu tu. Mchungaji hakucheka. Nadhani Mama alikuwa amemwambia.

Wiki iliyofuata ndiyo wiki niliyomwona baba yangu akipigana na boneti. Alianza na sabuni ya kipande na maji ya moto. Akaja na mafuta ya taa, harufu ikaingia mpaka kwenye chakula. Akajaribu limau na majivu. Akasugua kwa majani ya msasa, yale tuliyotumia kulainishia vibao vya shule, na rangi ikaanza kufa, ikapoteza mng'ao wake ikawa kama chokaa, lakini vidole vilikuwa bado pale. Alisugua asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule. Watu walipita njiani wakasalimia kwa heshima zote, na salamu zile zilikuwa mbaya kuliko matusi.

Mama, aliyeweza kutoa doa lolote kwenye nguo yoyote, hakumsaidia. Jioni moja Tata alimwita aje aangalie, labda anajua dawa. Mama alikuja, akaangalia, akasema, "Utomvu huu ungetoka siku ile ile, kabla haujakauka." Akarudi ndani. Tata alibaki amesimama na tambara mkononi. Sijawahi kumwona mtu mzima akiwa mdogo kiasi kile.

Mwishowe alilipeleka gari Bukoba kwa fundi rangi, boneti ikapulizwa upya. Lakini nyeupe ya fundi haikuwa nyeupe ya gari. Lilirudi na boneti inayong'aa kama meno ya bandia, na hata mgeni aliyetoka mbali aliuliza kulikuwa na nini pale.

Kemi alirudi baada ya muda mrefu. Daktari alisema mfupa ulisogea njiani, na mguu ukaunga vibaya. Alichechemea, akachechemea daima. Hakunilaumu, wala hakumtaja Tata. Alikuja tu shuleni kwa mwendo wake mpya, akipanda kilima kile taratibu huku wadogo wakimpita. Hapo ndipo Tata alipoanza jambo ambalo hakulieleza kwa mtu. Alisimama chini ya kengele asubuhi, mkono umeshika kamba, akitazama njia. Hakuipiga mpaka Kemi afike getini. Siku za mvua tulichelewa kuanza masomo, walimu wakitazamana, na hakuna aliyeuliza. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Sikujua niangalie wapi: kwa rafiki yangu anayejitahidi kuharakisha, au kwa baba yangu anayemsubiri.

Baada ya hapo gari likawa la kila mtu. Wajawazito, wazee, magunia ya kahawa, mikungu ya ndizi iliyodondosha utomvu kila mahali; Tata hakufuta tena. Kila alipompita Ma Kemi barabarani alisimama, akafungua mlango mwenyewe. Na kila mara mama yule alimsalimia vizuri, akauliza habari za nyumbani, akasema, "Asante, Mwalimu, nimezoea kutembea." Hakuwahi kupanda. Alipofariki, Tata ndiye aliyekwenda Muleba kuleta jeneza lake, akaendesha taratibu mno hata baiskeli zikatupita.

Sasa Tata ni mzee, anaishi nami hapa Nshambya, Bukoba mjini. Gari liliuzwa zamani. Hatujawahi kuongea habari ile, lakini Kemi akipiga simu, maana ana duka lake la vitambaa na tunasalimiana mara kwa mara, Tata hutoka sebuleni akaenda kukaa kwenye migomba mpaka tumalize.

Siku hizi hakuna doa gumu. Vijana wa kuosha magari pale mjini wana dawa ya utomvu, ya lami, ya kinyesi cha ndege. Unakunywa soda, gari liko tayari. Mwanangu akiona alama ya kidole mlangoni anatoa kitambaa maalumu mfukoni, utadhani daktari. Tuna ukuta, tuna geti, na gari letu halijaguswa na mkono wa jirani tangu tulinunue.

Hivi karibuni mama wa nyumba ya pili kutoka kwetu alijifungulia njiani, juu ya bodaboda, kwenye mvua. Tulisikia siku kadhaa baadaye, kupitia kikundi cha simu. Watoto wangu walisikitika kidogo wakaendelea kula. Mimi nilibeba mkungu wa ndizi nikaenda kumwona mtoto, na nilipokuwa nimempakata nikamuuliza mama yake kwa nini hawakutugongea, na gari lilikuwa uani siku nzima.

Alinitazama kwa upole, bila kinyongo chochote.

"Wala hatukuwafikiria, mama," alisema.