Nilimkana Guyo kwa Sababu ya Chupa Zangu za Bia

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Si shetani, si marafiki wabaya. Ni mimi na ulimi wangu. Jina nalificha maana hapa Garsen tunajuana wote, lakini najua wengine watanitambua kabla hawajafika katikati. Wanitambue tu! Nimechoka kubeba peke yangu.

Nina duka la mbegu na dawa za mifugo. Mimi ni mtu wa mtoni, wa jamii ya wakulima wa kando ya mto, mzaliwa wa Ngao. Naimba kwaya, na mke wangu alikuwa akijua kwamba sinywi pombe.

Nilikuwa nakunywa. Tena si hizi bia za kila baa. Nilipagawa na bia za krafti, zile zinazopikwa na watu wachache kwenye viwanda vidogo, kila mpishi na ladha yake. Kuna ya asali, kuna ya kahawa, kuna ya ukwaju. Ya kwanza nilionjeshwa Kilifi, nilipokwenda kwenye semina ya wenye maduka. Jamani! Nilijiona kama mtu aliyekunywa bia miaka yote kumbe hajawahi kuionja.

Basi nikawa mtu wa safari. Nikisikia Diani wametoa mpya, nafunga duka. Nikisikia kuna pipa linafunguliwa Watamu, naaga nyumbani kwamba nafuata chanjo za mbuzi. Tulikuwa na kikundi kwenye simu, wapenzi wa bia hizo kutoka kila pembe, na mimi ndiye niliyesifiwa kwa kutoka mbali. "Mtu wa Garsen ameingia!" Nakwambia ukweli, sifa zile zilinilevya kuliko bia yenyewe.

Sasa nikueleze Guyo ni nani. Hilo si jina lake. Ni Muorma, mtu wa ng'ombe, Mwislamu safi. Alikuwa na pikapu ya kupeleka maziwa ya akina mama wa kwao Malindi. Tulijuana dukani, akinunua dawa ya kupe, mpaka tukawa ndugu. Watu wa mtoni na watu wa ng'ombe tumewahi kukosana vibaya huku kwetu, usiniulize sana. Lakini mimi na Guyo tulikuwa tunakula sahani moja. Mvua iliyopita maji yalipoingia shambani kwetu, yeye ndiye aliyembeba mama yangu mgongoni mpaka barabarani.

Mtu huyo ndiye niliyemfanyia hivi.

Mwaka huu kiwanda kimoja kidogo cha Nairobi kilitangaza bia ya maembe, inayopikwa msimu mmoja tu, ikiisha imeisha. Sikulala! Nilimwambia mke wangu kuna mkutano wa wauza mbegu, nikapanda basi. Nairobi nilipanga foleni na vijana wa rika la wadogo zangu, nikapata katoni mbili. Muuzaji aliniuliza natoka wapi. Nilipomwambia, akashtuka.

"Baba, hii bado ina hamira hai. Isikae kwenye joto. Ikipata joto inaendelea kuchacha, chupa inaweza kupasuka."

Nikasema sawa. Nilikuwa nimebeba boksi la barafu, lakini mpaka nafika Malindi barafu yote imekuwa maji.

Pale Malindi nikaingiwa na hofu. Mabasi ya kuja huku yanakaguliwa njiani, kila mzigo unafunguliwa, na ndani hukosi mtu wa kanisani. Nikampigia Guyo. Kumbe alikuwa Malindi siku hiyo hiyo, anachukua vitu vya harusi ya dada yake, Hadhia. Alifurahi! Maaskari wa barabarani wanamjua, pikapu yake haifunguliwi.

"Hizo katoni ni nini?" aliniuliza.

"Juisi ya maembe," nikamjibu. "Nimepewa zawadi."

"Weka hapo nyuma na vitu vya bibi harusi. Utatuachia moja ya wazee."

Nikacheka. Hebu fikiria, nilicheka! Nikaziweka chini ya turubai, katikati ya mashuka, misala mipya ya kuswalia na nguo za Hadhia. Jua lilikuwa kali. Njia nzima Guyo alinisimulia habari za harusi, jinsi wazee wa upande wa bwana harusi walivyokuwa wanamsubiri nyumbani waone vitu. Mimi nilikuwa nawaza picha nitakayoituma kwenye kikundi.

Tulipofika kwao, wazee walikuwa wameketi kwenye mikeka. Mama yake Guyo alikuja na wanawake wengine wakipiga vigelegele. Guyo akafungua turubai.

Tukasikia paa! Kisha paa, paa! Mtu akapiga kelele akidhani ni risasi, wanawake wakakimbia. Povu likaruka likamwagikia misala, likashuka kwenye nguo za Hadhia mpaka chini mchangani. Na ile harufu! Hakuna mtu mzima asiyeijua harufu ile.

Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi alisogea, akachovya kidole, akanusa. "Hii maji gani?"

Akamkazia macho mwenye pikapu.

"Guyo, nakuuliza. Hii pombe imefanya nini kwa vitu ya harusi?"

Guyo alinigeukia. Uso wake hauniondoki. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananisubiri niseme. "Ndugu yangu, waambie. Si ni juisi yako?"

Nikaona watu wote wananitazama. Nikaona kwaya, nikaona mke wangu, nikaona wateja wangu wafugaji. Mdomo wangu ukasema, "Mimi sijui. Mimi nimepanda lifti tu."

Ole wangu! Maneno machache hivyo!

Guyo hakubishana. Alinitazama, kisha akainama akaanza kutoa vipande vya chupa kwenye nguo za dada yake kwa mikono mitupu. Niliondoka kwa miguu mpaka barabarani, na hakuna aliyenizuia.

Yaliyofuata niliyasikia dukani kwangu mwenyewe, wateja wakiyasimulia mbele yangu huku nikiwapimia dawa. Kwamba Guyo alikuwa akipitisha pombe chini ya maziwa. Kwamba posa ya Hadhia imerudishwa. Kwamba akina mama wamekataa kumpa maziwa, hawataki yapande gari la haramu. Mwisho nikasikia ameuza pikapu, amekwenda Bangale kuchunga mifugo ya mjomba wake.

Na mimi nilinyamaza! Nilikuwa nasema, nitamfuata Guyo wiki ijayo. Wiki ijayo ikifika, naona duka haliachiki.

Hatimaye nilimwambia mke wangu. Hakulia, hakupiga kelele. Alizima jiko, akakaa.

"Ulifika mpaka Nairobi kwa ajili ya chupa," akasema. "Bangale kuna nini kinachokushinda?"

Nikasafiri. Nilifika Hola, nikapita Garissa, nikamalizia juu ya lori la mbuzi kwenye barabara mbovu, vumbi mpaka kwenye meno. Nilimkuta Guyo kisimani, amekonda, ananywesha. Alinisalimia vizuri. Alinitafutia chai. Nikamwambia yote, nikalia kama mtoto, nikamwomba msamaha.

Alisubiri nimalize.

"Unaniambia mimi?" akasema. "Mimi nilikuwa pale. Mimi najua sikuleta pombe. Nenda kawaambie wasiojua."

Nikamwomba turudi pamoja. Akatikisa kichwa, akarudi kwa mifugo yake.

Nikarudi Garsen. Siku ya Ijumaa, watu walipotoka msikitini, nilisimama nje mbele ya wazee wale wale nikasema: bia ilikuwa yangu, Guyo nilimdanganya, kisha nikamkana. Wengine walinitukana. Kijana mmoja alitaka kunipiga, wazee wakamshika. Yule mzee aliyechovya kidole aliniuliza jambo moja tu, "Kwa nini leo?"

Kwa mama yake Guyo nilikwenda mwenyewe. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Nilipomaliza, aliingia ndani, akafunga mlango taratibu. Yule bwana harusi alikuwa ameshaoa kwingine. Hadhia yuko nyumbani mpaka leo. Nikikutana naye sokoni hubadilisha njia, na mimi ndiye ninayestahili kubadilisha.

Kwaya wamenisimamisha. Wafugaji sasa wananunua dawa kwa jirani yangu. Hayo sawa, ni haki yangu. Kinachonitesa ni kwamba Guyo hajarudi. Wazee wamemtumia salamu kwamba jina lake limesafishwa, naye amejibu kwamba amesikia. Basi.

Wewe mpenzi wa bia kama nilivyokuwa, sikukatazi safari. Nenda hata mwisho wa dunia, kunywa kwa pesa yako. Lakini beba mzigo wako mwenyewe, na mtu akikuuliza ni nini, mwambie ni nini. Usimpandishie mtu kwenye gari lake kitu ambacho dini yake haikiruhusu, halafu ukamwita ndugu.

Na kama umeshakosea, umesimama mbele ya watu, mtu asiye na hatia anakutazama akikusubiri useme, nakusihi, sema hapo hapo! Sema hata kama sauti inatetemeka. Mimi ningeaibika jioni moja tu.